Rubafu kwa Mara ya Kwanza, Jicho Kwenye Geji ya Oili

Mimi ni mtu wa Muleba, upande wa Ihangiro, na Rubafu nilikuwa naisikia tu. Ni kata ya Bukoba Vijijini, kaskazini mwa mji, pale ambapo nchi ya Bugabo inachomoza kuingia ziwani. Mtu hapiti Rubafu akielekea kwingine. Ukifika umefika, mbele yako ni maji ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kwenda huko mpaka mpwa wangu aliponipigia simu jioni moja.

"Shikamoo mjomba. Gari limeshafungwa. Fundi anataka tulijaribu kabla sijavuka Mutukula. Tunakwenda Rubafu kwa bibi. Njoo utushikie daftari."

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, injini ya EJ20 yenye turbo, lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika, kama yalivyo mengi ya aina hiyo hapa kwetu. Kijana amelipenda kwa moyo wote. Anataka kuliendesha Uganda kwenye uwanja wa mbio uliofungwa, mahali pasipo bodaboda, mbuzi wala watoto wa shule, na mimi namuunga mkono kabisa kwa hilo, maana mwenye hamu ya kasi aende kuimalizia kwenye uwanja wake. Kwa mtu wa Bukoba, Kampala ni karibu: kama kilomita 80 hadi Mutukula mpakani, halafu Masaka, halafu Kampala, jumla yapata kilomita 300. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400. Vijana wa Kagera wanaopenda magari ya mbio hutazama kaskazini, wala si ajabu.

Lakini fundi wake alikuwa amemwekea sharti. Gari halivuki mpaka kabla yeye hajaiona geji ya oili ikitulia kwenye kona, kwa macho yake mwenyewe.

Nilifika gereji Kashai asubuhi, mvua ikiwa imekatika. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo asubuhi ya namna hiyo ni ya kawaida: matope mlangoni, mabati yakidondosha matone, jiko la mkaa likifuka moshi pembeni. Fundi ni mtu mzima, anaongea polepole, na vijana wote pale wanamwita Mzee. Alinikaribisha, akafuta mikono kwa kitambaa, akaniwekea beringi mbili za konrodi kiganjani.

Moja ilikuwa mpya. Rangi ya kijivu iliyofifia, uso laini, ukipitisha ukucha haukwami popote. Nyingine ilitoka kwenye injini ya Subaru nyingine, iliyoletwa pale ikiwa imenoki. Katikati yake ule ukijivu ulikuwa umefutika, shaba imetokeza, michirizi imekatiza kutoka ukingo hadi ukingo, na upande mmoja ulikuwa umelika hata ukawa unapinda kwa vidole. Kila aliyekaa gereji anaijua sauti ya injini iliyonoki. Unaisikia kabla gari halijaingia getini, kong, kong, kong kutoka chini, na dereva akikanyaga mafuta inazidi.

"Hii haikufa kwa kukosa oili," Mzee akasema. "Nilipoifungua nilimwaga lita nne kamili. Oili ilikuwamo. Ila haikuwa mahali pake. Sekunde moja, mbili, kwenye kona, mizunguko iko elfu sita. Basi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niichukulie safari ya Rubafu kwa uzito. Watu wengi, na mimi ninawasikia kila siku, wanadhani injini hufa kwa sababu mwenye gari hakubadilisha oili au aliiacha ikaisha. Hizo ni sababu za kweli kwa gari la kwenda kazini na kurudi. Gari la mbio lina kifo chake kingine. Nafasi iliyopo kati ya beringi na krenki ni kama sehemu nne za mia za milimita. Ndani ya nafasi hiyo inapita oili kwa presha, na krenki inaelea juu yake bila kuigusa beringi. Pampu ikinyonya hewa badala ya oili, hata kwa muda mfupi, chuma kinakutana na chuma, na kwa mizunguko 6,000 kwa dakika krenki inazunguka mara 100 kila sekunde. Uharibifu unakamilika kabla dereva hajamaliza kona.

Sasa kwa nini pampu inyonye hewa wakati oili imo? Mbebeshe mtu beseni la maji, mwambie akate kona akikimbia, uone maji yanavyopanda upande mmoja. Gari lenye tairi za kushika vizuri, kwenye lami kavu, linaweza kukata kona kwa nguvu inayokaribia ile ya uvutano wa dunia. Hapo uso wa oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, unalala kwa nyuzi 45. Bomba la kunyonyea limesimama pale pale, mdomo wake hewani. Na injini ya Subaru ina jambo lake la ziada: silinda zake zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, kwa hiyo kwenye kona ndefu oili inayopaswa kurudi chini inabaki imejaa kwenye silinda hedi ya upande wa nje, na kurudi inachelewa.

Mzee alikuwa ameifanya kazi yake ndani ya sampu kwanza. Alichomelea kuta fupi za bati kuuzunguka mdomo wa bomba, na kwenye kuta hizo akaweka vilango vinavyofunguka kuelekea ndani tu. Gari likikata kona, oili iliyo nje inasukuma kilango na kuingia, na iliyo ndani inajaribu kutoka inakuta kilango kimejifunga. Nilivijaribu kwa kidole kwenye sampu nyingine aliyokuwa bado anaitengeneza. Vinacheza kwa wepesi, na anasema wepesi huo ndio kazi yote, kwa sababu kilango kinachokwama kikiwa kimefungwa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Kisha aliongeza mabawa mawili pembeni ili sampu ibebe oili zaidi kwa karibu lita moja. Aliipanua kwa upana, hakuishusha chini, na sababu ya hilo niliielewa tulipofika kwenye barabara ya changarawe.

Bomba la kunyonyea alilitupa lile la kiwandani akafunga jingine nene. Mabomba ya injini hizi za EJ yanajulikana duniani kote kwa kupata ufa pale yalipounganishwa. Ufa wenyewe ni mwembamba, hauuoni mpaka uutafute, na kazi yake ni kuingiza hewa kila pampu inaponyonya. Pia alikitoa kichujio kidogo kilichojificha ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo, kwa kuwa kikiziba, turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika inabaki kavu.

Kwenye pampu kulikuwa na mabishano. Mpwa wangu alitaka ile kubwa kabisa, ya milimita 12. Mzee akakataa, akafunga ya 11. Sababu yake ilinivutia. Pampu kubwa inapeleka oili nyingi juu, na kama njia za kurudi hazijabadilika, sampu inakauka upesi zaidi. Kijana alikuwa amesoma kwamba kubwa ni bora. Mzee alikuwa amefungua injini.

Kilichobaki kilikuwa cha joto. Oili ikivuka nyuzi 130 inakuwa nyepesi mno, presha inaanguka. Na chini ya nyuzi 80 inabaki nzito na unyevu hautoki. Kwenye Subaru mabomba ya egzosi yanapita chini ya injini, jirani na sampu, kwa hiyo oili yake inapikwa kutoka pande mbili. Mzee alifunga rejeta ndogo ya oili mbele ya gari, lakini aliipitishia kwenye bamba lenye thamostati linalokaa kati ya filta na injini. Bukoba si Singida wala Dodoma. Hapa asubuhi kuna baridi na upepo wa ziwa, na rejeta ya oili isiyo na thamostati ingeiweka injini kwenye ubaridi nusu ya safari. Wengi huagiza rejeta hizo kutoka nje na kuzifunga kama zilivyo, wakiiga magari ya nchi za joto au ya viwanja vya Japani. Nchi ya mtu ina hali ya hewa yake, na gari lake lifungwe kwa hiyo.

Juu ya dashibodi kulikuwa na geji mbili mpya, ya presha na ya joto. Ile taa nyekundu ya oili iliyokuja na gari haimsaidii dereva wa mbio. Taa za namna hiyo kwa kawaida huwaka presha ikiwa imeshuka chini ya nusu baa. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini inahitaji karibu baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, yaani kwenye 6,000 unataka baa 4 au zaidi. Ukisubiri taa iwake, unasubiri taarifa ya msiba.

Tuliondoka tukiwa watatu. Kijana usukani, Mzee mbele, mimi nyuma na daftari. Tulielekea upande wa Kashozi, ambako Mapadre Weupe walianzisha misheni yao mwaka 1892, na kanisa lake bado ni alama ya kila msafiri wa njia ile. Pande zote mbili ni vibanja: migomba imeshonana, mibuni chini yake, nyumba zimejificha ndani. Kisha migomba inakoma ghafla na unatokea kwenye rweya, uwanda wa nyasi fupi wenye mawe, upepo mtupu, kabla kijiji kingine hakijakumeza tena. Mtu wa Muleba anaifahamu sura hiyo, lakini huko kwetu ziwa unaliona kwa mbali, kutoka juu ya miteremko. Njia ya Rubafu inakupeleka kulifuata. Unaliona kushoto, linapotea, linarudi kulia, mpaka unachanganyikiwa upo upande gani wa nchi.

Hakuna aliyekimbia barabarani. Nasema hivyo kwa makusudi, maana barabara hiyo ni ya watu: wanawake wenye mikungu ya ndizi, watoto wenye madumu ya maji, baiskeli zilizobeba magunia. Kilichokuwa kinapimwa njiani ni joto tu. Kwenye kila mlima mrefu niliandika. Nyuzi 88, 91, 95. Kwenye mteremko ikarudi 90, ikakaa hapo. Thamostati ilikuwa inafanya kazi.

Lami ilipoisha tulianza kusikia mawe. Jiwe la kwanza liligonga chini ya miguu yangu kwa kishindo kilichonifanya niinue nyayo. Mzee hakugeuka. Chini ya injini alikuwa amefunga bamba la aluminiamu la milimita 6, na ndiyo maana sampu aliipanua kwa pembeni. Sampu iliyoshushwa chini ingelala karibu na mawe, na sampu iliyopasuka humwaga oili yote barabarani kwa dakika moja.

Afrika Mashariki inalijua somo hili tangu zamani. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na walioyabuni walifikiria kwanza njia ya kulizunguka Ziwa Victoria. Wazo hilo waliliacha kwa kuwa barabara za changarawe huku zilikuwa hazipitiki mvua ikinyesha. Nilipokuwa nyuma ya gari lile, nikitazama matope yaliyokauka yakiwa na alama za matairi, nilifikiri kwamba kama wangeshikilia wazo lao, Bukoba ingekuwa kwenye ramani ya mbio za magari kabla ya miji mingi mikubwa. Hata hivyo Watanzania hawakukosa sehemu yao. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wa hapa walilipanda kama teksi. Subaru Impreza yenyewe ilishinda mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae na mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns. Picha za magari hayo ya bluu, yamefunikwa vumbi, ndizo zilizowafanya vijana wengi wa kwetu waipende Subaru. Wachache huuliza yalikuwa na nini chini ya tumbo. Yalikuwa na kinga, na yalikuwa na mafundi wasioruhusu gari liondoke kabla hawajakagua oili.

Rubafu tulifika kabla ya jua la utosi. Nyumba ya bibi yake kijana iko ndani ya kibanja, na ziwa unalisikia kabla hujaliona. Bibi alitoka akitukaribisha, "Karibuni waitu," akatuketisha, akaleta akamwani, kahawa iliyochemshwa na kukaushwa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo. Unachukua punje, unavunja ganda kwa meno, unatafuna taratibu. Kwetu Muleba desturi ni hiyo hiyo, lakini ile ya Rubafu ilikuwa na viungo zaidi, na nikamwambia hivyo, akafurahi. Alimuuliza mjukuu wake gari limeharibika nini. Kijana akajibu, "Halijaharibika bibi, tunalipima." Akasema, "Basi hiyo ni vizuri. Mgonjwa apimwe akiwa bado anatembea." Sikuwa na la kuongeza.

Mahali pa kupimia palikuwa kwenye rweya, mwendo mfupi kutoka kijijini: shimo la zamani la kuchimba kifusi cha barabara, limesawazishwa, pana, tambarare, halina nyumba wala mazao karibu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameombwa ruhusa mapema, akaja mwenyewe kusimama na sisi, akawasogeza watoto mbali juu ya ukingo. Mzee alipima kwa kamba na kuweka mawe yaliyopakwa chokaa, mduara wa kipenyo cha kama mita 50.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Gari linaingia kwenye mduara, gia ya pili, kilomita 40 kwa saa, mizunguko karibu 3,000, na linabaki humo, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa mwendo huo na duara hilo, nguvu ya pembeni inafika nusu ya uvutano wa dunia, na uso wa oili ndani ya sampu unalala kwa takribani nyuzi 27. Kwenye changarawe huwezi kupata zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa, tairi zinaanza kuteleza. Dereva hana nafasi ya kutazama geji huku akilishikilia gari, kwa hiyo Mzee aliifunga simu kwa utepe mbele ya geji ya presha, ikarekodi video muda wote.

Kushoto kwanza. Vumbi likapanda, gari likazunguka, na mimi nikiwa kando ya mwenyekiti nilisikiliza injini, ule mngurumo wa Subaru usiofanana na injini nyingine. Likasimama. Tukakusanyika kwenye dirisha kuangalia video. Mshale ulikaa kwenye baa 3, haukutikisika. Kijana akaanza kutabasamu.

Kisha kulia. Kwa sikio hakukuwa na tofauti yoyote. Mzee akaichukua simu, akairudisha video nyuma, akaicheza polepole, na hapo tukaona. Kwenye mzunguko wa tatu mshale ulishuka kutoka 3 hadi chini ya 2, ukapanda, ukashuka tena. Kila mshuko ulikuwa mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili. Hakuna dereva ambaye angeuona. Taa nyekundu haikuwaka. Kwa mizunguko 3,000 na mzigo mdogo injini ilivumilia bila kulalamika, lakini mshuko wa namna ile kwenye mizunguko 6,500, turbo ikisukuma kwa nguvu zote, ndio unaozaa ile beringi niliyoishika asubuhi.

Mzee akavuta dipstiki. Oili ilikuwa katikati ya alama mbili, kiwango ambacho kwa gari la kawaida hakina lawama. Akaongeza nusu lita, ikafika alama ya juu na kuizidi kidogo. Akamwambia kijana arudie kulia. Safari hii mshale ulishuka mara moja tu, hadi 2.7, ukarudi. Akarudia tena. Ukatulia. Joto la oili wakati huo lilikuwa nyuzi 112, na niliiandika namba hiyo kwa herufi kubwa, kwa kuwa presha bila joto haina maana: oili ya baridi inaonyesha presha nzuri hata kwenye mfumo mbovu.

Nilimuuliza kwa nini kulia kubaya kuliko kushoto. Akachora kwenye vumbi kwa kijiti: sampu, bomba, mahali mdomo ulipo. Mdomo hauko katikati kamili, na oili inayorudi kutoka kwenye hedi mbili hairudi kwa njia zinazolingana. Kwa hiyo kila injini ina upande wake dhaifu, na mwenye gari anapaswa kuujua kabla ya kwenda uwanjani, kisha ajue uwanja wenyewe una kona ndefu za upande gani.

Hapo ndipo kijana alipouliza swali ambalo naamini kila anayefikiria mbio angeuliza. Sasa gari liko tayari? Mzee akamjibu bila kumzungusha. Kwa changarawe liko tayari. Kwa lami, nusu. Gari la rali linapigwa, linaruka, linarushwa, lakini tairi zake zinateleza kwenye changarawe na kona zake ni fupi, kwa hiyo oili hailali upande mmoja kwa muda mrefu. Uwanja wa lami ni mpole kwa mwili wa gari na mkali kwa oili. Tairi zinashika, kona ni ndefu, nguvu ya pembeni ni mara mbili ya ile tuliyoipata Rubafu. Ndiyo sababu magari ya mbio ya daraja la juu hayaweki oili kwenye sampu kabisa. Pampu kadhaa huinyonya yote kutoka chini ya injini na kuipeleka kwenye tangi la pembeni, jembamba na refu, na kutoka humo pampu nyingine huirudisha kwenye injini kwa presha isiyoyumba. Magari ya Formula One yanafanya hivyo, na Porsche 911 ilitoka kiwandani na mfumo huo tangu miaka ya 1960. Kwa Subaru ya kijana wa Bukoba bei yake inakaribia ya gari lenyewe.

Lakini ipo njia ya kati, na Mzee alikuwa ameshaifikiria. Ni silinda yenye pistoni ndani, upande mmoja hewa iliyobanwa, upande mwingine oili iliyochukuliwa kutoka kwenye injini yenyewe. Presha ikiwa nzuri, silinda inajaa. Presha ikianguka ghafla, hewa inasukuma pistoni na oili ile ya akiba inamiminika kwenye beringi kwa zile sekunde chache za hatari. Haimalizi tatizo la sampu, ila inamnunulia dereva muda wa kutoka kwenye kona. Kijana alikuwa ameweka fedha za kuongeza nguvu ya turbo. Pale pale, amesimama kwenye kifusi, vumbi mpaka kwenye kope, akasema fedha hizo zitanunua silinda hiyo kwanza. Nilijivunia mpwa wangu kwa uamuzi ule kuliko ningejivunia ushindi.

Bibi alikuwa ametuandalia ndizi kwa sangara, tukala tukiwa tumekaa kwenye mkeka, mwenyekiti naye. Wavuvi wawili walikuja kulitazama gari, na mazungumzo yao na Mzee yalihusu jambo lile lile kutoka upande wa maji: injini za mitumbwi, oili inayochanganywa na petroli, na mtu anayepunguza oili ili aokoe fedha kisha akakwama ziwani usiku. Waliielewa kazi yetu upesi kuliko watu wengi wa mjini. Anayekwama ziwani anatafutwa na ndugu zake, kwa hiyo hawana mzaha na oili.

Tulirudi Bukoba jioni, taratibu. Kesho yake nilipita gereji. Mzee alikuwa ameimwaga oili ya safari ile kwenye chombo safi na kuifungua filta. Hakutumia msumeno, kwa sababu msumeno unaacha unga wa chuma na kukudanganya. Aliikata kwa kisu cha kuzungusha, akalitoa karatasi lenye mikunjo, akalikata na kulitandaza juu ya meza, akaligeuza chini ya taa mkunjo baada ya mkunjo. Anapita na sumaku kwanza, kutafuta chuma. Kisha anatafuta kwa macho, kwa kuwa shaba na aluminiamu za beringi hazishikwi na sumaku. Hakukuwa na shaba. Kulikuwa na vipande viwili vya silikoni, vidogo kama chembe za mchanga, vilivyobanduka kwenye maungio ya sampu. Kwa ajili ya vipande hivyo viwili aliishusha sampu upya, akakagua chujio la bomba la kunyonyea, akasafisha maungio na kupaka silikoni nyembamba zaidi, maana silikoni inayobanduka hukusanyika kwenye chujio na kuziba njia ya oili.

Vijana wenye magari ya aina hii, wa Kashai, Hamugembe na Rwamishenye, ambao jioni nawasikia mkiongeza sauti za egzosi: nunueni geji ya presha ya oili kabla ya kitu kingine chochote, na filta ya zamani msiitupe kabla hamjaipasua.